Fimbo ya Gramu Mia Mbili na Kumi

Kule posta walimwita Mizani, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Miaka ishirini na minne alikaa dirisha namba nne, dirisha la vifurushi, na kabla mteja hajamaliza kusalimia, yeye alikwisha kuukadiria mzigo kwa kiganja cha kushoto. "Kilo moja na mia mbili," alisema, ndipo akauweka kwenye mizani, kwa ajili ya mteja tu, maana yeye mwenyewe hakuwa na shaka yoyote. Wenzake walimjaribu kwa kila kitu. Walimletea tofali lililofungwa gazeti, wakamletea viatu vya bosi, na siku moja wakamletea paka wa mlinzi ndani ya boksi. Hakuwahi kukosea zaidi ya gramu moja. Paka peke yake ndiye aliyemshinda, kwa sababu hakutulia.

Sasa ana miaka hamsini na sita na hapimi vifurushi tena. Anapima mkono wa mumewe. Kila asubuhi anauinua mkono wa kulia wa Mwalimu, anaupitisha kwenye shati, anaulaza juu ya mto. Kilo tatu na nusu, na ushee. Hakukusudia kuupima, kiganja ndicho kilichozoea. Mguu hakuupima hata siku moja, kwani kuna mambo mengine mtu hujionea heri asiyajue.

Mwalimu alikuwa mwalimu wa udereva. Miaka thelathini alikaa kiti cha kushoto kwenye gari lenye klachi mbili na breki mbili, akaufundisha mji mzima. Ukipigiwa honi katika mji ule, aliyekupigia huenda alifundishwa naye, na aliyekosa kidogo tu kukugonga, vilevile. Alikuwa na mtindo wake aliouita kupima breki. Mwanafunzi akiwa ameshaanza kuzoea, anaendesha roho kwatu, pengine hata anaimba, Mwalimu aliipiga dashibodi kwa kiganja, paa! Hapo hapo mwanafunzi alitakiwa asimame, kufa kupona. Wengine walilia. Aliyesimama vizuri aliambiwa, "Umesimama vizuri," na sifa nyingine zaidi ya hiyo Mwalimu hakuwa nayo mdomoni.

Mkewe hakumfundisha. Mizani aliomba mara tatu katika maisha yao. Mara ya kwanza aliambiwa gari ni la kazi. Mara ya pili aliambiwa hana subira, yeye aliyeshinda na foleni ya posta kwa miaka ishirini na minne! Mara ya tatu Mwalimu alicheka tu, na Mizani hakuomba tena.

Kisha kiharusi kikaja, kikamchukulia Mwalimu upande wote wa kulia, na Mizani akaacha kazi. Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo anavyosema akiulizwa, na ni kweli, ila pia hakuna aliyemuuliza. Kitanda kiliwekwa chumba cha mbele, karibu na dirisha, na upande wa kushoto wa kitanda pakawekwa kabati dogo la mbao la kuwekea dawa na maji. Haikupita wiki Mwalimu akagundua kwamba kabati lile likipigwa kwa kiganja linatoa mlio uleule wa dashibodi.

Paa! Mizani ana sabuni kichwani, anasimama. Paa! Sufuria iko jikoni inatokota, anasimama. Wakati mwingine Mwalimu anataka maji, wakati mwingine dirisha lifungwe, na wakati mwingine anataka tu kujua alikuwa anafanya nini huko. "Punguza moto," anamwambia kutoka kitandani, bila kuuona moto. "Mbona unakimbia? Tulia. Angalia nyuma kwanza." Miaka mitatu sasa Mizani ni mwanafunzi wake, mwanafunzi asiyepewa leseni. Kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua kumi na moja. Hadi bafuni ni tisa. Hadi geti ni kumi na saba, na zaidi ya hapo huenda sokoni na duka la dawa tu, mbio mbio, roho juu, asikawie. Mchana mwingine hujibana nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo Mwalimu hawezi kumwona kupitia kioo cha kabati la nguo, akasimama tu, bila kulia wala kufanya lolote. Anampenda mumewe, hilo lisitiliwe shaka. Lakini anajiona kama amefungwa kwenye boksi na mtu akaandika anwani ileile kwa anayetuma na kwa anayetumiwa.

Basi, Mwalimu alikuwa na pendo moja zaidi ya barabara, nalo ni uvuvi wa kapi. Kila Jumamosi, wakati wa uzima wake, alikwenda kwenye bwawa lililobaki pale walipokuwa wakichimba udongo wa matofali, nje kidogo ya mji. Kapi ni samaki mnene, mzito wa kuamka, mwenye vindevu pembeni mwa mdomo, na anakula kwa kunusanusa chini ya tope. Mwalimu alikuwa na fimbo ndefu nzito ya kumvulia, ambayo mkewe aliikuta imesimama nyuma ya mlango siku ya arusi na hakuwahi kuigusa. Baada ya kiharusi Mwalimu aliigawa bila kusema neno. Kumbe hakuisahau.

Siku moja rafiki mmoja alimwambia Mwalimu kwa simu kwamba siku hizi kuna fimbo nyepesi ajabu, za kuvulia kwa kikapu. Tangu hapo nyumba haikukalika.

"Chukua kalamu, andika," alisema Mwalimu. "Isizidi gramu mia na themanini. Umeandika? Mita tatu, vipande viwili. Ncha iwe laini, iweze kutikisika hata samaki akipumua."

"Kikapu cha nini?" aliuliza Mizani.

"Cha waya, kidogo, kama yai. Kinafungwa kwenye uzi karibu na ndoana. Unakijaza pumba na makombo ya mkate, unakirusha, kinatua chini, chambo kinamwagika pale pale penye ndoana. Kapi anakuja kula bure, anakuta na mahindi yenye ndoana. Wewe huko juu unaangalia ncha ya fimbo. Hakuna cha kubahatisha."

"Na kigurudumu cha uzi nani atazungusha?"

"Nitarusha kwa mkono huu mzima. Kisha utaifunga fimbo kwenye kiti cha magurudumu, nami nitazungusha kwa mkono huuhuu. Nimeshapanga yote. Wewe kazi yako kwenda kupima uzito. Si wewe Mizani?"

Miaka mitatu hakuwa amemwita jina lile. Na yeye, maskini, akafurahi kama amepandishwa cheo.

Wifi yake, dada wa Mwalimu, aliitwa aje kukaa na mgonjwa. Huyu ni mwanamke wa maneno makali na moyo mwepesi, muuguzi mstaafu, na mtu pekee ambaye Mwalimu hathubutu kumpigia kabati. "Nenda, wifi, usiwe na haraka," alimwambia Mizani getini. "Huyu akinisumbua namgeuzia ukutani."

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa kwenye kichochoro, katikati ya fundi baiskeli na mchonga mihuri. Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alimpokea kama wanavyopokelewa wanawake katika maduka ya namna ile.

"Umetumwa, dada?"

"Nimetumwa," alikiri Mizani, akampa karatasi.

Muuzaji akasoma, akaingia ndani, akatoka na fimbo nyeusi yenye maandishi ya dhahabu. "Hii hapa. Gramu mia na themanini, imeandikwa."

Mizani akaipokea kwa kiganja cha kushoto. Akaiinua mara moja, akaishusha. "Hapana, kaka. Hii ni mia mbili thelathini na tano."

Muuzaji akacheka kicheko cha heshima. Alikuwa na mizani ndogo ya kupimia risasi za kuzamishia ndoana, akaiweka fimbo juu yake ili kumaliza ubishi. Mia mbili thelathini na tatu.

"Nimekosea gramu mbili," alisema Mizani, na haya zikamshika kweli. "Ni muda mrefu sijashika kitu."

Muuzaji alivua miwani, akamtazama upya kabisa. "Ulikuwa ukifanya kazi wapi, dada?" Na tangu dakika ile hakumuuliza tena habari ya kutumwa.

Fimbo ya pili ilikuwa na gramu mia na sabini na nane, halisi, bila udanganyifu. Mizani aliishika na kuridhika, akawa tayari ifungwe aondoke. Lakini aliposimama nayo kidogo, kifundo cha mkono kilianza kuvutwa chini, na baada ya dakika mbili kilikuwa kinauma. Akaiangalia kwa kutoamini. Kiganja kilisema nyepesi, kifundo kilisema nzito, na katika maisha yake viungo hivyo viwili havikuwahi kugombana.

"Ndiyo hivyo," alisema muuzaji. "Uzito wake wote umekimbilia mbele. Watu wanauliza gramu, gramu, kama wananunua nyama. Mimi nauliza uzito umekaa wapi. Shika hii."

Ya tatu ilikuwa ya kijani iliyofifia, haina hata maandishi ya dhahabu, ila kibandiko kidogo cha karatasi karibu na kishikio. Muuzaji akaifunga rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, akamwambia ainyooshe juu ya kidole kimoja. Fimbo ikalala juu ya kidole chake, haikuinama mbele wala nyuma. "Mia mbili na kumi, ukiondoa rili," alisema Mizani taratibu, na muuzaji hakujisumbua kupima. Miaka ishirini na minne alipima mizigo ya watu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mzigo mzito zaidi unaweza kuwa mwepesi zaidi kuubeba.

Wakatoka uani nyuma ya duka. Muuzaji akafunga kipande cha risasi kwenye uzi, akaweka beseni la plastiki mwisho wa ua, kati ya makreti, akamwonyesha namna ya kurusha. Mara ya kwanza risasi ilipiga ukuta. Mara ya pili ilinasa kwenye kamba ya nguo za fundi baiskeli, na fundi akatoa kichwa kuuliza kama kuna vita. Mara ya tatu ilipita juu, ikatulia kidogo hewani, ikaingia ndani ya beseni, ting! Mizani akacheka. Ni kicheko alichokuwa amekisahau, kile cha dirisha namba nne, na kilimtoka kikubwa kuliko alivyotarajia.

Muuzaji akaenda kwenye beseni, akashika uzi kwa vidole viwili, akauvuta kidogo kidogo. Kule kwenye ncha ya fimbo kukawa na mtikisiko mdogo. "Hivyo ni kuonja," alisema. "Usifanye lolote. Sasa angalia." Akauvuta taratibu, ncha ikajikunja. "Hapo amebeba. Nyanyua!" Mizani akanyanyua. Wakarudia, na wakarudia tena. Jua lilikwisha kuvuka ua.

"Hendeli ya kuzungushia rili tuiweke upande gani?" aliuliza muuzaji mwishowe.

"Kulia," alijibu Mizani papo hapo, maana fimbo ilikuwa mkono wake wa kushoto. Muuzaji akakaza skrubu.

Njiani ndipo alipokumbuka mia na themanini. Akasimama pembeni ya barabara, akabandua kibandiko cha uzito kwa ukucha, akakitupa mtaroni. Yeye ambaye posta hakuwahi kumwibia mteja hata gramu moja.

Nyumbani Mwalimu alikuwa amekaa wima, amenyolewa, anameremeta. Akaipokea fimbo kwa mkono wa kushoto, akaipandisha, akaishusha. 

"Unaona?" Mwalimu alisema. "Mia na themanini hiyo. Nilikwambia, ukifuata maelekezo hupotei. Niwekee hapa."

Ikalazwa magotini pake. Mwalimu akanyoosha mkono wa kushoto kuizungusha rili, na mkono ukakuta hakuna kitu. Akapapasa. Akaangalia. Hendeli ilikuwa upande wa pili, juu kabisa ya ule mkono wake uliolala.

 Wifi mtu, aliyekuwa akifunga kanga yake aondoke, akasimama.

"Hendeli iko kulia," alisema Mwalimu.

"Nitaigeuza sasa hivi. Ni skrubu moja tu."

"Mimi kulia sina kitu. Wewe ndiye unayenivalisha kila siku, na hukukumbuka?" Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Dukani uliishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Umejinunulia."

Mizani alitaka kukataa. Neno la kukataa alikuwa nalo mdomoni, limeshapangwa, kisha akaliacha. "Sikukusudia," alisema. "Wallahi sikukusudia. Lakini ndiyo. Nilikaa kule uani, Mwalimu, na sikukukumbuka hata kidogo. Nilikusahau kabisa. Na nilikuwa na raha."

Mwalimu akageuza uso ukutani. Ni jambo moja katika machache anayoweza kuyafanya bila kusaidiwa, na alilifanya mpaka mwisho.

Siku nne zilizofuata kabati halikupigwa. Mtu angedhani Mizani angepumua, lakini ilikuwa mbaya zaidi. Alisimama katikati ya jikoni, mwiko mkononi, akingoja paa ambayo haikuja, na alipoona haiji alikwenda chumbani mwenyewe kuuliza kama kuna kinachotakiwa. "Hakuna," alijibiwa. Hendeli alikwisha kuigeuza kushoto, ikamchukua dakika moja. Fimbo akailaza juu ya kabati la nguo. Mwalimu hakuitazama.

Jumamosi asubuhi na mapema wifi alikuja, akaona midomo imefungwa, akaona fimbo juu ya kabati. Akavuta kiti.

"Kaka, hebu nieleweshe mimi mjinga," alisema. "Kwa mkono huo mmoja utarusha, utafunga, utazungusha, na utamtoa samaki majini? Au ulitaka fimbo ya kulala ukiitazama?"

"Nifundishwe uvuvi na nani, na wewe?"

"Nakuuliza tu. Kama huwezi, na mwenzako anaweza, hiyo fimbo inangoja nini juu ya kabati? Leo nakaa mimi hapa. Wifi, chukua vitu vyako, nenda."

Mizani hakutikisika. Alikuwa akimtazama mumewe, na wifi naye akamtazama, na Mwalimu akatazama dari.

"Saa nne awe amerudi," alisema hatimaye, kama anayezungumza na dari. "Na simu aiache wazi."

Bwawa lilikuwa dogo kuliko alivyolidhania miaka yote. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, matete upande mmoja, kingo za udongo zilizokatwa wima na majembe ya zamani. Mizani aliigeuza tena hendeli kulia, akakiponda chambo, akakijaza kikapu, akarusha. Saa nzima hakuna kilichotokea. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitazama ncha ya fimbo, na simu ameiweka juu ya goti, na ingawa hakuna aliyemwita, aligeuka nyuma mara sita.

Kisha ncha ikatikisika. Ikatulia, ikatikisika tena, ikajikunja. Mizani akanyanyua. Lo! Kitu kikavuta kwa upande wa pili, kitu kizima, chenye nia yake, na uzito wake ulikuwa ukienda na kurudi hata kiganja kikashindwa kuusoma, kama siku ile ya paka. Akaanza kuzungusha, na hapo simu ikalia gotini.

Ilikuwa namba ya Mwalimu. Mizani alijua vizuri kwamba kukiwa na hatari atakayepiga ni wifi, muuguzi mzima, mwenye simu yake. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini sikio lilisikia paa, na mkono haukungoja ushauri wa mtu. Hendeli ikaachwa, uzi ukalegea, simu ikawa sikioni.

"Haloo! Kuna nini? Umeanguka?"

"Hakuna kitu," ilisema sauti ya Mwalimu, tulivu. "Nilikuwa nakupima breki." Akacheka kidogo. "Umesimama vizuri."

Nyuma yake ilisikika sauti ya wifi, "Kaka, jamani, wewe mtu gani!" kisha simu ikakatika.

Uzi ulirudi mtupu. Mizani aliketi kwenye ndoo yake, na kwa dakika nzima alimchukia mumewe, chuki safi isiyo na udhuru wala huruma ndani yake. Akajichukia na yeye, zaidi, kwa ajili ya ule mkono. Mtu akifungiwa mlango anaweza kuusukuma. Yeye alikuwa huko nje, hakuna ukuta wala kabati, na bado alisimama alipoambiwa asimame. Akaifuta pua kwa pindo la kanga. Akaitia simu ndani ya kapu lake la majani, chini ya mkate na kitambaa, akajaza chambo kwenye kikapu cha waya, akarusha tena, mbali zaidi.

Saa nne kasoro robo ncha ilijikunja bila hata kuonja, mara moja, mpaka fimbo ikainama nusu. Akanyanyua. Huyu alikuwa mkubwa kuliko yule wa kwanza. Na kwenye kapu, chini ya mkate, simu ikaanza kulia.

Safari hii hakuweza kuona ni nani. Mkono wa kushoto ulikuwa na fimbo, wa kulia hendeli. Simu ikalia mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena. Akilini akaona sakafu ya chumba cha mbele, akamwona Mwalimu chini, akamwona wifi anahangaika kumwinua peke yake. "Subiri," alisema kwa sauti, na hakujua anamwambia nani. Simu ikalia mara ya tatu. Machozi yalimtoka na akaendelea kuzungusha, taratibu, akilegeza samaki alipovuta, akivuta alipochoka, na hakuachia hata mkono mmoja.

Alimtoa kwenye ukingo kwa kitambaa kilicholowa. Kapi wa rangi ya shaba, mdomo unafunguka na kufungika. Akamweka kwenye kiganja cha kushoto, akamshikilia kwa kulia, na samaki, tofauti na paka, akatulia sekunde moja. Kilo mbili na mia tatu. Akachomoa ndoana, akamshusha majini, akamwachia.

Simu ilionyesha mbili za Mwalimu na moja ya wifi. Ya wifi! Akampigia, haikupokewa. Akampigia tena. Hakumbuki alivyokusanya vitu vyake. Alitembea, akakimbia, akatembea akishika mbavu, na fimbo begani, na kila hatua alijiambia kama amekufa, basi ni kwa kilo mbili na mia tatu.

Wifi alikuwa nje ya geti akianika shuka. "Mbona unahema hivyo? Nilikupigia upitie mkate mwingine, huyu amekula wote. Simu nimeiacha huko ndani kwenye chaji."

Mizani akaishusha fimbo begani. Kisha akaingia chumba cha mbele. Ilikuwa saa nne na dakika hamsini. Mwalimu alikuwa kitandani, shati limemwagikiwa chai kifuani, anamtazama.

"Nilikupigia mara mbili."

"Nilisikia."

"Na hukupokea."

"Mkono huu ulikuwa na fimbo," alisema Mizani, akamwonyesha wa kushoto, una tope mpaka kwenye kiwiko. "Na huu ulikuwa unazungusha. Sikuwa na mkono mwingine wa kupokelea."

 Mwalimu akautazama mkono wake wa kulia juu ya mto. 

"Kilo ngapi?" aliuliza.

"Mbili na mia tatu."

"Yuko wapi?"

"Nimemwachia."

"Umemwachia," alirudia Mwalimu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Na hiyo fimbo si mia na themanini."

Mizani akaiegemeza ukutani. "Mia mbili na kumi."

"Nilijua tangu siku ile. Mkono wa kushoto bado ninao, bibie."

 Mizani akanawa, akatoa shati safi, akaja upande wa kitanda kumbadilisha. Mwalimu akainua kiganja chake kizima juu ya kabati dogo, na Mizani akasimama palepale, shati mkononi. Lakini kiganja hakikupiga. Kilishuka polepole, kikakaa juu ya mbao.

"Jumamosi ijayo," alisema Mwalimu, bila kumtazama, "simu yako iache hapa. Kapi hapendi kelele. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Akauinua mkono wa kulia, akaupitisha kwenye shati. Kilo tatu na nusu, na ushee.